Nani Anawahesabu Mbawakavu wa Ziwa Victoria?

Mwaka 1998 gugu maji lilifunika takriban hekta 20,000 za Ziwa Victoria, na sehemu kubwa ya hekta hizo ilikuwa Ghuba ya Winam, upande wa Kenya. Mitumbwi ilikwama mialoni. Meli zilipata taabu kufika gatini Kisumu na Port Bell, na pale Jinja wahandisi wa bwawa la Owen Falls walihangaika na mikeka ya majani iliyosukumwa na upepo hadi kwenye mitambo ya umeme. Ilipofika mwanzoni mwa mwaka 2000, sehemu kubwa ya gugu lile ilikuwa imetoweka.

Nani aliliondoa? Lilikuwa swali jepesi kuulizwa, na hata hivyo wanasayansi walilibishania kwa miaka. Mwaka 2005 Williams, Duthie na Hecky waliandika kwamba chanzo kikuu kilikuwa El Niño ya 1997 na 1998: mawingu yalidumu na kupunguza mwanga, ziwa lilijaa kwa zaidi ya mita moja na nusu, na mawimbi yakaivunjavunja mikeka. Mwaka 2007 Wilson na wenzake wakajibu kwamba kazi ile ilifanywa na mbawakavu wadogo wa jenasi Neochetina, walioachiwa ziwani miaka michache kabla. Kila upande ulikuwa na hoja zake, grafu zake na heshima yake.

Mimi niko upande wa mbawakavu. Uganda iliwaachia Ziwa Kyoga mwaka 1993, kisha Ziwa Victoria Desemba 1995. Kwingineko duniani, wadudu hawa wanapoachiwa kwenye maji yenye joto na mikeka iliyotulia, gugu hudhoofika, hufifia na kuzama baada ya miaka mitatu hadi mitano, na hilo hutokea hata mahali ambapo hakuna El Niño. Hesabu ya Uganda inalingana na mwendo huo. Mawimbi na mafuriko yalikuwa na sehemu yao, sina shaka, lakini yalikuta mimea ambayo tayari ilikuwa imeliwa kutoka ndani.

Linaloniuma ni kwamba mjadala huu ulihitajika. Nchi tatu zilikuwa zimeingia katika moja ya kazi kubwa za udhibiti wa kibiolojia barani Afrika, zikitumia fedha za wafadhili na jasho la watu wao, na miaka saba baadaye hakuna aliyeweza kuweka mezani mfululizo mmoja wa takwimu uliotosha kuufunga mdomo upande wa pili. Picha za setilaiti zilionyesha ukubwa wa gugu. Kilichokosekana ni habari za mmea wenyewe, zilizochukuliwa mahali palepale, kwa namna ileile, mwezi baada ya mwezi, pande zote za mpaka: ulikuwa na urefu gani, umeliwa kiasi gani, una mabuu wangapi. Wakati huohuo watu waling'oa gugu kwa mikono, na Ghuba ya Winam ikaletewa mashine za kulikatakata. Pale penye sababu nne zinazofanya kazi kwa pamoja, asiyepima hawezi kuzitenganisha baadaye kwa ufundi wa kuandika.

Kuachia mdudu ni kazi ya siku moja. Mgeni rasmi huja, ndoo humiminwa majini, picha hupigwa. Kumfuatilia ni kazi ya miaka kumi na zaidi isiyo na mgeni rasmi, na ndiyo inayotuambia kama ndoo ile ilikuwa na maana yoyote. Katika kanda yetu sehemu hii ya pili imekuwa yatima tangu mwanzo.

Tuwatazame wadudu wenyewe, maana ugumu wa kuwahesabu unatokana na maisha yao.

Kuna aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Wote ni ndugu wa fukusi wa mahindi, wenye ule mdomo mrefu uliopinda, na urefu wa mwili wao ni milimita nne hadi tano tu. Asili yao ni Amerika ya Kusini, kulekule lilikotoka gugu maji. Waliachiwa kwanza Florida, Marekani, mmoja mwaka 1972 na mwingine mwaka 1974, baada ya kuthibitishwa kwamba hawawezi kukamilisha maisha yao juu ya mazao. Afrika walisambaa kwa njia ya vituo vya utafiti, na kituo cha taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki (IITA) kule Benin kilikuwa mlango muhimu wa kuwafikisha kwetu. Tanzania ilianza na Mto Pangani mwaka 1995 kabla ya kuhamia ziwani, wadudu wakizalishwa kituo cha Kibaha. Kenya iliwazalisha Kibos, karibu na Kisumu, na kuanza kuwaachia Januari 1997. Rwanda ikafuata, kwa sababu Mto Kagera ndio uliokuwa ukilishusha gugu ziwani bila kukoma.

Ng'oa mmea mmoja wa gugu maji ulioshambuliwa, uweke kwenye beseni jeupe, na utazame taratibu. Kwenye majani utaona makovu madogo ya rangi ya kahawia, kila moja na upana wa milimita chache, kama mtu aliyekwangua ngozi ya jani kwa ncha ya kisu. Hayo ni malisho ya mdudu mzima. Mwenyewe humwoni, maana hula usiku, na mchana hujificha kwenye moyo wa mmea, pale vikonyo vinapokutana na jani changa likiwa bado limejikunja. Bandua vikonyo kimoja kimoja utamkuta amejibana. Ukiwa na lenzi, mtazame mgongoni: mwenye mistari miwili mirefu myeusi inayong'aa katikati ya mabawa magumu ni eichhorniae, mwenye mistari mifupi zaidi, na aghalabu utepe hafifu wenye umbo la V, ni bruchi. Sasa pasua kikonyo kwa urefu. Ndani kuna njia nyeusi iliyooza, na ukifuata njia hiyo kwenda chini utamkuta buu mweupe asiye na miguu, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa. Huyu ndiye muuaji. Anachimba kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye moyo wa mmea, maji yanaingia kwenye njia yake, vijidudu vya kuozesha vinafuata, na mmea unapoteza uwezo wa kuelea. Akishiba anashuka kwenye mizizi, anajitengenezea kifuko kwa nyuzi za mizizi hai, na kugeuka mdudu mzima chini ya maji. Tangu yai hadi mdudu mzima hupita takriban miezi mitatu.

Anayepita na mtumbwi na kutazama tu haoni lolote kati ya haya. Mkeka unaweza kuonekana wa kijani kibichi huku mioyo ya mimea imeshatobolewa. Unaweza pia kuwa na makovu tele huku mimea ikiendelea kuzaa vichipukizi kwa kasi, kwa sababu wadudu wazima wapo lakini mabuu wamekufa au bado ni wachache. Ripoti inayosema "wadudu wameonekana na majani yana dalili za kuliwa" haina thamani kubwa, na nimesoma nyingi za namna hiyo.

Upimaji wenye maana una utaratibu wake, na utaratibu huo hauhitaji maabara. Fremu ya mraba yenye upande wa nusu mita, iliyotengenezwa kwa bomba la plastiki, inatupwa juu ya mkeka mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu, si pale ambapo jicho limependa. Mimea iliyomo inahesabiwa na kupimwa uzito. Michache kati ya hiyo inachunguzwa mmoja mmoja: urefu wa kikonyo kirefu kuliko vyote, idadi ya majani, idadi ya vichipukizi, kama kuna ua. Kisha wadudu wazima, vikonyo vilivyochimbwa, mabuu na vifuko vya mizizini.

Kwenye makovu ndipo wengi wanapopotea. Jani la zamani limebeba makovu ya wiki nyingi zilizopita, ya wadudu ambao huenda walishakufa. Ukijumlisha makovu ya mmea mzima unasoma historia, husomi hali ya leo. Ndiyo maana wenye uzoefu huchagua jani moja tu, la pili kwa uchanga kati ya yaliyokwisha kukunjuka, na kuhesabu hapo. Jani hilo limekuwa wazi kwa muda mfupi, kwa hiyo makovu yake yanasimulia siku za karibuni. Mtu akibadilisha jani kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, takwimu zake zote zinakuwa bure, hata kama alihesabu kwa uaminifu.

Mtego wa pili umo katika wastani wa wadudu kwa mmea. Gugu linapoanza kushindwa, mimea hupungua na kufupika, na wadudu waliobaki husongamana kwenye michache iliyosalia. Wastani kwa mmea hupanda, na mwandishi wa ripoti hufurahi kwamba wadudu wanaongezeka, kumbe kwa eneo zima wanapungua. Miezi michache baadaye mkeka unazama na wadudu wengi wanazama nao. Kwa sababu hiyo idadi kwa mmea na idadi kwa mita mraba ziandikwe pamoja, siku zote. Na sifuri iandikwe. Karatasi nyingi za uwandani zina nafasi tupu ambayo hakuna ajuaye kama maana yake ni "hatukupata mdudu" au "hatukutazama".

Ziwa nalo lina ugumu wake ambao shamba halina. Mkulima anayefuatilia wadudu kwenye mahindi anarudi kwenye mstari uleule. Mkeka wa gugu maji unahama. Leo uko mbele ya mwalo, kesho upepo umegeuka na uko ng'ambo ya ghuba, na mkeka unaoukuta mahali pale wiki ijayo unaweza kuwa umetoka mtoni jana, bila mdudu hata mmoja. Mtafiti anayerudi "kituo namba tatu" kila mwezi anaweza kuwa anapima mimea tofauti kila safari huku akichora grafu moja. Kuna njia za kupunguza tatizo hili: kuufunga mkeka mdogo ndani ya uzio wa vyandarua na maboya, kuuwekea mkeka mkubwa alama na kuufuata kwa simu yenye ramani, au kuchukua sampuli kwenye vijighuba ambako gugu hunaswa kwa miezi mingi. Ukubwa wa eneo zima tuiachie setilaiti. Picha za Sentinel-2 za Ulaya hutolewa bure, huonyesha vitu vya mita 10, na hurudia eneo lilelile kila baada ya siku tano. Mawingu yakizidi kuna Sentinel-1 inayotumia rada. Lakini setilaiti haimwoni mdudu, na ni rahisi ichanganye gugu maji na mafunjo au majani mengine yaelayo juu ya maji. Mtu mwenye fremu na beseni bado anahitajika.

Kutopima huku kulitugharimu mwaka 2006 na 2007, gugu lilipoinuka tena kwa nguvu Ghuba ya Winam. Nakumbuka jinsi hukumu ilivyotolewa haraka kwamba wadudu wameshindwa, wamezoea, wamechoka. Chukua maelezo rahisi zaidi. Mkeka wa 1998 ulipozama, ulizama na chakula na makazi ya mbawakavu. Waliobaki walikuwa wachache, kwenye mapindo ya pwani. Mbegu za gugu maji, kwa upande wao, hulala kwenye tope na kubaki hai kwa miaka 15 hadi 20. Mvua kubwa zikanyesha, mito ya Nyando na Sondu-Miriu ikashusha udongo wa mashambani na mbolea, mbegu zikaota, na mimea michanga ikatangulia kuenea kabla wadudu hawajaongezeka. Mmea ule unaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili au chini ya hapo. Mdudu anahitaji miezi mitatu kwa kizazi kimoja. Pengo hilo la muda linatabirika kabisa. Dawa yake ni kujua mapema kwamba wadudu wamepungua na kuwarudishia gugu likiwa bado changa, badala ya kusubiri vivuko vikwame. Hilo linawezekana kwa yule tu aliyekuwa akihesabu wakati ziwa ni safi na hakuna mwandishi wa habari anayepiga simu. Ufuatiliaji unahitajika zaidi katika miaka ambayo tatizo halionekani, na miaka hiyo ndiyo bajeti hukatwa.

Pamoja na mdudu na mmea, yapimwe na maji. Naitrojeni na fosforasi zikizidi, gugu huchipua haraka kuliko linavyoliwa. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji la Mwanza na kuingia ziwani na kila kilichotupwa humo. Kisumu nako hali si tofauti sana. Mtu akinionyesha ghuba ambako wadudu ni wengi na gugu bado limestawi, nitamuuliza kwanza habari za majitaka kabla ya kumlaumu mdudu.

Kuna kisa kutoka kwa gugu jingine ambacho kila ofisa wa mazingira wa kanda hii angepaswa kukijua, hasa kwa kuwa gugu hilo, salvinia, limeshaingia Ziwa Victoria pia. Miaka ya 1970 mbawakavu aliyedhaniwa kuwa adui wa salvinia aliachiwa Botswana, Zambia na Fiji. Hakufua dafu. Mtu angeweza kuhitimisha kwamba salvinia haitibiki kwa wadudu na kufunga faili. Bahati nzuri watafiti wa Australia walirudi Brazil, wakatafuta eneo la asili hasa la gugu lile, wakamkuta mbawakavu anayefanana sana na yule wa kwanza, na mwaka 1980 wakamwachia Ziwa Moondarra, Queensland. Ziwa lilisafishika kwa muda wa mwaka mmoja na kitu. Walipomchunguza kwa makini wakagundua kwamba ni spishi nyingine kabisa, ambayo sayansi haikuwa na jina lake. Mwaka 1985 ikapewa jina la Cyrtobagous salviniae. Kwa miaka yote ile ya kushindwa, aliyeachiwa hakuwa mhusika.

Kisa hakikuishia hapo. Mdudu sahihi alipopelekwa Mto Sepik, Papua New Guinea, mwanzoni alikataa kuota mizizi. Waliokuwa wakimfuatilia walipima mimea na kukuta ina upungufu wa naitrojeni, kiasi kwamba mabuu hawakupata lishe. Wakamwagia sehemu ndogo ya gugu mbolea ya urea. Wadudu wakazaliana pale, wakawa wengi kiasi cha kujisambazia wenyewe, na ndani ya miaka michache mamia ya kilomita mraba za gugu zikafunguka. Mara mbili mradi uliokuwa unaelekea kuandikwa "umeshindwa" uliokolewa na watu waliokuwa wakipima. Mdudu huyohuyo ndiye aliyeibana salvinia Ziwa Naivasha.

Ukiniuliza ufuatiliaji uishie wapi, nitakujibu usiishie kwenye mmea. Kule kusini mwa Benin, mtafiti De Groote na wenzake walikwenda kuwauliza wenye maji yao. Walihoji watu 365 katika vijiji 24 kuhusu uvuvi, biashara na usafiri kabla ya gugu, wakati wa gugu, na baada ya mbawakavu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba gugu lilipofikia kilele chake lilipunguza mapato ya wakazi wa eneo lile, wapatao laki mbili, kwa dola milioni 84 kwa mwaka, na kwamba kupungua kwake kulirudisha takriban dola milioni 30 kwa mwaka. Gharama nzima ya mpango ule wa wadudu ilikuwa zaidi kidogo ya dola milioni 2. Kwa jumla ya miaka mingi, faida ikakadiriwa kuwa mara 124 ya gharama. Mwaka hata mwaka nimeona watu wakiitaja hesabu hiyo ya Benin mikutanoni hapa kwetu kuthibitisha kwamba mbawakavu wanalipa. Sisi wenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika tunaazima takwimu za wenye vijito na mabwawa, kwa sababu za kwetu za namna hiyo hatukuzikusanya.

Matokeo ya upungufu huu yanaonekana kila mkeka unapoziba kivuko au kinywa cha bomba la maji ya mji. Kilio kinachosikika ni kimoja: mashine. Silaumu. Mashine ina takwimu. Mwendeshaji wake anaandika kila jioni ametoa tani ngapi, na waziri anaweza kusimama bungeni na tani hizo. Mbawakavu hana anayemwandikia. Fedha hufuata namba, na mdudu asiyehesabiwa hana namba ya kuombea fedha.

Mashine inahitajika bandarini, kwenye vivuko, kwenye mitambo ya maji na ya umeme, kwa sababu mahali hapo hapawezi kusubiri miaka mitatu. Lakini mashine isiyoongozwa na takwimu za wadudu inaharibu kazi ya wadudu. Inaondoa mkeka ambao mabuu wamejaa kwenye vikonyo na vifuko vimejaa kwenye mizizi, na vipande vinavyobaki vinachipua upya bila adui. Ukiikatakata mimea na kuiacha majini, inaoza na kunyonya hewa ya maji, sato na wenzake wanakosa pumzi. Anayefuatilia angemwambia mwenye mashine: hapa mimea haina wadudu, ondoa yote, kule kila kikonyo kimechimbwa, paache, au hamishia mimea hiyo kwenye ghuba isiyo na wadudu kabla hujaanza. Sijaona mpango ambamo watu hawa wawili wanakaa meza moja.

Mkulima wa kandokando ya ziwa ana swali lake pia, na ana haki ya kulipata jibu kila mwaka: mdudu huyu hatahamia kwenye mihogo yangu? Majaribio ya nchi nyingi na miongo mitano ya kuishi naye yanasema hapana. Hata hivyo imani haijengwi kwa kumwambia mtu kwamba wataalamu walishapima zamani. Kila zamu ya kuhesabu ikague na mimea ya ukingoni, matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, na yaandikwe hata kama ni yaleyale. Ukaguzi uanze mapema zaidi, kwenye matangi ya kuzalishia, kwa sababu wadudu hupata magonjwa yao, na kundi lililodhoofika kwa kupokezana kutoka nchi hadi nchi linaweza kuachiwa ziwani likiwa tayari mgonjwa.

Watu wa kuifanya kazi hii wapo. Kenya na Uganda zimeshawatumia wavuvi kuzalisha mbawakavu kwenye matangi pembezoni mwa ziwa, na waliifanya vizuri. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo (BMU) vimo karibu kila mwalo, na vinajua gugu limehamia wapi kabla ya ofisi yoyote. Mvuvi aliyefundishwa kwa siku mbili anaweza kutofautisha kovu bichi na la zamani, kupima kikonyo kwa rula na kutuma picha ya mmea uliopasuliwa. Taasisi za utafiti wa uvuvi, TAFIRI, KMFRI na NaFIRRI, zina wataalamu wa kuhakiki sampuli hizo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liko Jinja. Kinachokosekana ni fomu moja inayotumiwa na nchi zote, mahali pamoja pa kuhifadhi takwimu ambapo mtu yeyote anaweza kuzisoma, na fedha zisizokufa pamoja na mradi. Mradi wa Usimamizi wa Mazingira wa Ziwa Victoria (LVEMP) ulipofunga awamu zake, ulifunga na sehemu kubwa ya uwezo wa kuhesabu. Ziwa halina awamu.

Ombi langu kwa wizara husika za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ni dogo kulinganisha na bei ya mashine moja: wekeni ufuatiliaji wa mbawakavu kwenye bajeti ya kawaida ya serikali, si ya wafadhili, kwa miaka kumi mfululizo, ikiwemo ile ambayo ziwa litakuwa safi. Asiwepo atakayeruhusiwa kuachia mdudu mpya, wa salvinia au wa gugu lingine lolote, bila kwanza kuonyesha fungu la kumhesabu. Na wewe uliye mwaloni usisubiri fomu. Kila mwanzo wa mwezi ng'oa mimea kumi ya gugu maji, pasua vikonyo, hesabu ulichokuta, andika tarehe na mahali, na umpelekee ofisa uvuvi wako. Ukikuta sifuri, mpelekee sifuri.